Boksi la Tende

Kadzo kanita mchana, sauti inatetema:
“Seva imezima tena, kazi zote zimekwama,
na bosi anagombana, na fundi aliyehama;
njoo, Mwanasha, sikia, kabla ya moshi kutoka.”

Ofisi i Kilindini, ghorofa ya pili juu,
seva imo kabatini, kufuli lake ni kuu,
kiyoyozi ukutani, chapulizia miguu;
joto nalo lajilia, halina pa kuponyoka.

Bwana Twahiri kasema, “Kiyoyozi nimelipa,
laki mbili zimezama, baridi nimeshaipa;
labda yataka hijama, au kombe kwenye chupa?
Sijui yaugulia, nini, hata yaanguka.”

Nikafungua skurubu, nane zilizoshikana
kwa chumvi, kwani karibu, bahari yazitafuna.
Nilipofunua, tabu! Ndani vumbi la kuchuna,
la kijivu, limengia, kila tundu likashika.

Feni nne, ila mbili, zatazamana kwa chuki,
hii yasukuma mbali, ile yasema, “Sitaki,”
ja wake wenza wawili, jiko moja hawapiki;
hewa hiyo yarudia, pale pale ilotoka.

Prosesa haina neno, ina taji la madini,
ndiyo yenye majivuno, hupepewa kitandani;
walounguzwa mikono, ni vijakazi pembeni,
ndio wanompimia, umeme bila kuchoka.

Kapasita tatu, tumbo, limevimba kama pera,
na nyaya kwa zao mambo, zazuia barabara;
hewa haitaki jambo, hukwepa penye hasara.
Upepo hutaka njia, ya kungia na kutoka.

Baba alikuwa mwashi, wa majumba ya zamani,
hakusoma maandishi, alisoma ukutani:
“Tundu moja halitoshi, hata kwa kuku bandani;
baridi chini hungia, joto juu likatoka.”

Nikazigeuza feni, zote zitazame nyuma,
nyaya kabana pembeni, safu moja, zikakoma,
kwa mswaki wa zamani, vumbi nikalisukuma;
tatu mpya kazitia, kwa risasi zikashika.

Dawa ya joto kidogo, punje moja ya mtama,
si ukwaju wa mihogo, ukamwaga ukazama;
boksi lisilo mzigo, la tende, nikalipima,
nikakata, kakunjia, handaki likainuka.

Tisini na tatu hizo, nyuzi tulizozikuta,
sasa bila ya mzozo, ni hamsini na sita;
saa nane ya vikwazo, tukaiona yapita,
Kadzo akashangilia, karatasi zikatoka.

Twahiri kaona boksi, uso ukakunjamana:
“Nilipe pesa halisi, kwa boksi la tende, mwana?”
“Boksi,” nami, “ni rahisi, ghali ni pa kulibana;
upepo hutaka njia, ya kungia na kutoka.”

Usiku, chumbani kwangu, Majengo, nikajilaza.
Dirisha pekee langu, jirani amelikwaza
kwa ukuta; feni yangu, joto lile yageuza,
mto jasho umengia, usingizi umetoka.

Ile seva Kilindini, najua inapepewa;
nami fundi, kitandani, ndimi nilokosa hewa.
Kesho, nyundo mkononi, juu patatobolewa;
mwenye nyumba akilia, na alie; nimechoka.